Nahodha aliyesubiri kichwa kitulie: Jeraha ambalo halionekani kwenye picha

Mei 1998, moyo wa Chris Pronger ulisimama uwanjani. Kisahani kigumu cha raba kinachochezewa katika hoki ya barafuni kilimpiga kifuani wakati timu yake ya St. Louis Blues ikicheza na Detroit Red Wings, akaanguka mbele ya maelfu ya watu. Madaktari wakamkimbilia, mapigo yakarudi, na baada ya siku chache tu akawa amevaa tena viatu vyake vya kuteleza na kuendelea na mashindano.

Miaka 13 baadaye alipigwa na gongo usoni. Safari hiyo aliondoka uwanjani kwa miguu yake mwenyewe. Lakini jeraha hilo, ambalo kwa macho lilionekana dogo kuliko la moyo, ndilo lililommaliza kimchezo.

Kwa mzazi ambaye mwanawe amewahi kudondoka kwenye mti, kugongana vichwa na mwenzake mpirani au kurushwa na bodaboda, kisa cha mwanamume huyu wa Kanada kina mengi ya kusikiliza, hata kama hoki ya barafuni huijui kabisa.

Jitu la sentimita 198

Pronger alizaliwa Oktoba 10, 1974 katika mji mdogo wa Dryden, jimbo la Ontario. Alikuwa beki. Kwa urefu wa karibu mita mbili, na kwa tabia ya kumkumba kwa bega kila aliyesogelea goli lake, wapinzani walimwogopa na mashabiki wa timu nyingine walimchukia, jambo ambalo kwa beki ni sifa.

Mwaka 2000 alichaguliwa mchezaji bora wa Ligi ya NHL. Hakuna beki aliyekuwa amepata tuzo hiyo tangu Bobby Orr mwaka 1972. Alitwaa Kombe la Stanley akiwa na Anaheim Ducks mwaka 2007, na medali mbili za dhahabu za Olimpiki akiwa na Kanada, mwaka 2002 na 2010. Mwaka 2009 alihamia Philadelphia Flyers, na kabla ya msimu wa 2011 kuanza akapewa unahodha.

Usiku wa Oktoba 24, 2011, wiki mbili baada ya kutimiza miaka 37, Flyers walikuwa nyumbani wakicheza na Toronto Maple Leafs. Mchezaji wa Toronto, Mikhail Grabovski, alipiga kisahani, na gongo lake lilipoinuka baada ya pigo likamfikia Pronger karibu na jicho la kulia. Haikuwa rafu ya makusudi. Pronger, ambaye hakuwa amevaa kioo cha kukinga macho, alipiga ukelele na kukimbilia vyumbani akiwa ameshika uso.

Kila mtu aliangalia jicho. Hilo ndilo lililokuwa likivimba, na hofu ilikuwa kwamba angepofuka. Alipumzishwa, akakosa mechi kadhaa, kisha Novemba akarudi uwanjani akiwa na kioo usoni. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Novemba 19, dhidi ya Winnipeg Jets. Baada ya hapo ikasemekana ana virusi. Kisha akafanyiwa upasuaji mdogo wa goti. Maumivu ya kichwa hayakuisha.

Katikati ya Desemba, baada ya kuonwa na wataalamu wa majeraha ya kichwa mjini Pittsburgh, klabu ilitangaza kwamba nahodha wake hatacheza tena msimu huo. Jina la ugonjwa lilikuwa athari kali za baada ya mtikisiko wa ubongo.

Angalia muda uliopita. Kuanzia kupigwa hadi kupata jina la ugonjwa ni takriban wiki saba, tena kwa mtu aliyezungukwa na madaktari wa timu kila siku. Mtoto wa shule aliyegongwa kichwani Jumamosi na kupelekwa darasani Jumatatu hana hata nusu ya uangalizi huo.

Kinachotokea ndani ya kichwa

Ubongo ni laini, nao unaelea ndani ya maji kwenye fuvu. Kichwa kinapopigwa au kusimamishwa ghafla, ubongo huchelewa kidogo na kutikisika. Nyuzi nyembamba zinazopeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine huvutwa, kemikali zake zikachanganyikana, na seli zikalazimika kutumia nguvu nyingi kurudisha utulivu wakati ambao nguvu yenyewe ni haba.

Hakuna kilichovunjika, na kwa kawaida hakuna damu iliyovuja. Ndiyo maana picha ya CT mara nyingi hutoka safi. Picha hiyo hutafuta damu na mifupa iliyovunjika, nayo ni muhimu kwa hilo, lakini haiwezi kuonyesha mtikisiko. Mgonjwa anaambiwa "huna kitu", anarudi nyumbani, na kichwa kinaendelea kuuma.

Si lazima mtu azimie. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu hata kwa sekunde moja. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchukia mwanga na kelele, kusahau, kuwa mzito wa kufikiri, kulala kupita kiasi au kukosa usingizi kabisa, na kubadilika tabia. Hii ya mwisho ndiyo inayowachanganya wengi nyumbani. Mtoto mpole anakuwa mkali, analia bila sababu, anakataa daftari. Anachapwa kwa utukutu kumbe anaumwa.

Habari njema ni kwamba wengi hupona. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya siku 10 hadi 14, na watoto ndani ya wiki nne hivi. Wanaobaki na dalili miezi, au miaka, ni wachache. Tatizo ni kwamba siku ya kwanza hakuna daktari anayeweza kukuambia kwa uhakika wewe utakuwa kundi gani.

Kungoja bila tarehe

Aliyevunjika mguu hupewa hesabu: wiki sita za bandeji, kisha mazoezi. Pronger hakupewa hesabu. Msimu wa 2011 ukaisha, ukaja mwingine, ukaisha. Mwaka 2013, alipozungumza na waandishi wa habari, alikuwa bado anasumbuliwa na kichwa na mwanga, jicho la kulia halikuwa limerudi kama zamani, na alikiri kwamba kulikuwa na vipindi vya huzuni nzito. Alikuwa mume na baba wa watoto watatu.

Familia zilizouguza mtu wa namna hii zinajua ugumu wake. Mgonjwa hana bandeji wala magongo ya kutembelea. Anakula, anatembea, leo anacheka na wageni, kesho hataki pazia lifunguliwe. Ndugu wanaanza kunong'ona kwamba anadeka. Watoto wanaambiwa wanyamaze ndani ya nyumba yao wenyewe bila kuelewa wamekosa nini. Mwenza anabeba kazi za wawili, na hakuna anayempa pole kwa sababu hakuna anayeona mgonjwa.

Kwa Pronger kulikuwa pia na suala la mkataba. Mkataba wake wa miaka saba na Flyers ulianza kuhesabiwa akiwa amefikisha miaka 35, na kwa kanuni za NHL, kama angetangaza kustaafu, klabu ingeendelea kubebeshwa karibu dola milioni 5 kila mwaka katika kiwango cha juu cha mishahara inachoruhusiwa. Akibaki kwenye orodha ya majeruhi, klabu inapata ahueni. Hivyo hakustaafu. Kwenye karatasi aliendelea kuwa mchezaji majeruhi anayesubiriwa, ingawa kila aliyefuatilia alijua hasubiriwi tena. Ni ajabu kidogo kuona sheria za hesabu zikimnyima mtu haki ya kusema tu, "nimemaliza".

Wengine walirudi

Mwaka huo huo wa 2011 ulianza na jina kubwa zaidi. Sidney Crosby wa Pittsburgh Penguins, akiwa na miaka 23, aligongwa kichwani Januari 1, akacheza tena, akagongwa tena Januari 5. Alikaa nje hadi Novemba 21, akarudi kwa kishindo na mabao mawili siku ya kwanza. Wiki mbili baadaye dalili zikarudi. Akakaa chini tena hadi Machi 2012. Baada ya hapo alishinda Kombe la Stanley mara mbili zaidi, 2016 na 2017. (Wakenya wanaweza kumkumbuka kwa jambo jingine: mwaka 2018 alivaa jezi ya Ice Lions, timu ya Nairobi inayofanya mazoezi kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, ilipopelekwa Kanada kucheza.)

Pat LaFontaine, nyota wa Marekani, alikumbwa Oktoba 1996, akakosa karibu msimu mzima, akarudi, akagongana na mwenzake wa timu moja Machi 1998, na mwaka huo akastaafu.

Watatu hao walikuwa na klabu tajiri na madaktari wazuri, na mmoja tu kati yao ndiye aliyepata miaka mingi zaidi ya kucheza. Umri una nafasi yake, idadi ya mapigo ya zamani ina nafasi yake, lakini hata ukivijua vyote hivyo huwezi kupiga ramli.

Kinachojulikana vizuri zaidi ni hatari ya pigo la pili kabla la kwanza halijapona. Kwa vijana, mara chache, pigo hilo husababisha ubongo kuvimba haraka na kuua. Ontario, jimbo alikozaliwa Pronger, ilipoteza msichana wa miaka 17 mwaka 2013 aliyekuwa akicheza raga. Alikuwa amegongwa kichwani zaidi ya mara moja ndani ya siku chache, akaendelea kucheza. Mwaka 2018 jimbo hilo lilipitisha Sheria ya Rowan, iliyopewa jina lake. Inataka mchezaji anayeshukiwa kuumia kichwa atolewe mara moja, na asirudi hadi aruhusiwe na daktari.

Hoki ya watoto nayo ilibadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha watoto wa miaka 11 na 12 wa Alberta, ambako kukumbana kwa bega kuliruhusiwa, na wa Quebec, ambako kulikatazwa. Walioruhusiwa walikuwa na hatari zaidi ya mara tatu ya kupata mtikisiko wa ubongo. Mwaka 2013 Kanada ikaondoa kukumbana huko kwa watoto wa umri huo nchi nzima.

Mtoto akigongwa leo

Atolewe mchezoni, na asirudi siku hiyo hata akisema yuko sawa. Mtoto anayetaka kucheza atasema yuko sawa. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, au ikiwa vigumu kumwamsha, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Ile imani kwamba aliyegongwa kichwa asilale kabisa inawatesa bure watoto wengi. Akishaonwa na mhudumu wa afya na hana dalili za hatari, usingizi ni sehemu ya tiba. Kwa maumivu, paracetamol inatosha, aspirini asipewe.

Zamani wagonjwa walifungiwa chumba chenye giza kwa wiki nyingi. Ushauri wa sasa, uliopitiwa na wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022, ni kupumzika siku moja au mbili na kupunguza simu na televisheni, kisha kuanza kutembea na kufanya shughuli nyepesi mradi dalili hazizidi sana. Masomo yatangulie, michezo ifuate, tena kwa hatua, kila hatua isipungue siku moja. Mwalimu aambiwe. Mtoto anayeshindwa kusoma ubao kwa sababu ya mwanga hawezi kujieleza mwenyewe mbele ya darasa zima.

Kazi nyingine

Oktoba 2014 NHL ilimwajiri Pronger katika idara inayoamua adhabu za wachezaji wanaocheza rafu hatari. Wapo waliocheka, maana mwenyewe alifungiwa mara nyingi enzi zake. Alikuwa bado na mkataba wa mchezaji.

Juni 2015 mkataba huo ukauzwa kwa Arizona Coyotes, timu ambayo hakuwahi kuivalia jezi. Novemba mwaka huo akaingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Hoki mjini Toronto, heshima wanayopewa wachezaji walioacha kucheza, huku kwenye vitabu vya ligi bado akihesabika kuwa hai kikazi. Mkataba ulimalizika mwaka 2017. Alikuwa na miaka 42, na mechi yake ya mwisho ilibaki kuwa ile ya Winnipeg.