Kana ya Marehemu Baba



Tulipohama Hindawiya, wakati wa bomoabomoa ya mwaka 2021 na 2022 iliyoifikia mitaa mingi ya kusini ya Jidda, kila mtu alikuwa mbioni kuokoa friji, mazulia na karatasi za watoto. Mimi nilitoka na kipande cha mti cha dhiraa tatu, kimepinda kidogo, cheusi kwa jasho la mikono ya watu. Wajukuu zangu wakacheka. Mmoja akauliza, "Babu, kuni hizi za nini?" Hapo nikatambua kuwa tumekaa umri mzima katika mji wa bahari, nasi asili yetu ni watu wa bahari, lakini watoto wetu hawaijui kana. Basi mwaka huu khabari za harusi na mahafali nimewaachia wenzangu, ambao huziandika vizuri kuliko mimi, nami naandika khabari ya usukani.

Usukani ni ule ubao mkubwa ulioning'inizwa nyuma ya chombo, kwenye tezi, sehemu yake imo majini. Kana ni mkono wake: huchomekwa katika kichwa cha usukani, ukaelekea mbele, na mwenye kuongoza huusukuma huku na huku. Kana yetu ilikuwa ya jahazi moja la Lamu ambalo marehemu baba alilitumikia, kwanza ubaharia, kisha akawa mshika usukani, wakenda Mombasa na kurudi. Jahazi lilipovunjwa, yeye aliomba kana tu. Akaja nayo Hijazi mwaka 1956, akahiji, akakaa Jidda. Ilisimamishwa nyuma ya mlango wetu wa Hindawiya, nasi watoto tulikatazwa kuichezea.

Juu ya kana hii baba alitufundisha mambo mawili. La kwanza, kana husema kinyume: ukiisukuma kulia, omo hugeuka kushoto, ukiisukuma kushoto, omo huenda kulia. La pili, chombo kisichokwenda hakina usukani. Nguvu ya usukani hutokana na maji yanayoupita. Maji yakisimama, hata ukiivuta kana kwa mikono miwili, ni sawa na kuvuta mlango uliofungwa.

Si kila chombo kiliongozwa kwa kana. Katika Bahari ya Sham, ndiyo hii Bahari Nyekundu yetu, msafiri al-Muqaddasi aliandika katika karne ya 10 jinsi vyombo vilivyopita baina ya miamba. Vilikwenda mchana tu. Rubani alisimama mahali pa juu akiyatazama maji, na vijana wawili, mmoja kuliani na mmoja kushotoni kwake. Akiona mwamba humwita mmoja wao, naye hupiga ukelele kwa mshika usukani, ambaye alikuwa na kamba mbili mikononi, akavuta ya kulia au ya kushoto. Nayo majahazi makubwa ya Kuwait yaitwayo bum, yaliyokuwa yakija Mombasa na Zanzibar kwa kaskazi na kurudi kwa kusi na boriti za Rufiji, yalikuwa na gurudumu. Baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika mojawapo, jina lake Bayan, mwaka 1938 na 1939, akaitungia safari hiyo kitabu.

Gurudumu limempunguzia mtu kazi, kwani huligeuza upande ule ule anaotaka kwenda. Katika meli za Wazungu lilianza mwanzoni mwa karne ya 18, lakini desturi ya kana haikufa upesi. Kwa zaidi ya miaka 200 nahodha wa Kiingereza aliyetaka meli igeuke kushoto aliamrisha "kulia", maana yake kana iende kulia. Waingereza waliiacha amri hiyo ya kinyume mwanzo wa mwaka 1933.

Sasa nije kwenye kisa changu, ambacho mpwa wangu amenipa ruhusa kukisimulia.

Mwaka 1989 nilikuwa fundi wa vyombo vya starehe huko Sharm Obhur, khori iliyo kaskazini ya Jidda. Nilikuwa natengeneza mashua ya tanga ya futi 32 ya bwana mmoja, yenye gurudumu zuri la chuma kisichoshika kutu. Mtu akiliona hudhani ndilo usukani. Kumbe nyuma yake mna mnyororo kama wa baiskeli; ncha zake zimeungwa na waya mbili, na waya hizo hupita chini ya sakafu juu ya roda, zikafungwa katika chuma chenye umbo la robo ya sahani kilichokazwa kwenye nguzo ya usukani. Siku mbili nilisikia mkwaruzo chini ya sakafu nikigeuza gurudumu. Nikasema nitafungua Ijumaa. Kosa hilo lilikuwa langu.

Siku ya Alkhamisi, baada ya Alasiri, tulikuwa tunarudi kutoka kujaribu matanga, mimi na mpwa wangu, kijana wa miaka 19. Shamali ilikuwa inavuma kutoka nyuma yetu upande wa kushoto, na mwamba ulikuwa kulia, maji yake ya kijani yakionekana wazi. Waya ukakatika. Gurudumu likazunguka bure kama la mtoto. "Mjomba, halina kitu!" akapiga kelele.

Nanga isingetufaa. Miamba ya hapa hushuka wima kama ukuta, na hatua chache nje yake kamba haifiki chini. Nikalilegeza tanga la mbele. Tanga kubwa likaileta omo kwenye upepo, mashua ikasimama, ikaanza kusukumwa kidogo kidogo kuelekea mwambani. Kila mashua ya namna hii huwa na kana ya akiba, kwa siku kama hiyo. Yetu ilikuwa chini kabisa ya kitanda, juu yake makreti ya maji. Kizibo cha tundu lake juu ya sitaha kilishikwa na chumvi, nikakigonga kwa nyundo mpaka kikaachia. Nilipoichomeka kana, nikamkabidhi kijana nami nikakaza tanga kubwa ili tupate mwendo.

Nikamwambia, "Tupeleke kushoto!" Naye, maskini, aliyezoea gurudumu tangu siku yake ya kwanza baharini, akaivuta kana kushoto kwa nguvu zake zote. Omo ikageuka kulia, moja kwa moja kwenye mwamba. Niliyaona matumbawe chini yetu, na samaki baina yake. Nikamrukia, tukaisukuma kana kulia sote wawili. Mashua ikasita, kisha ikaitikia, ikapita. Hatukugusa. Kijana alikaa chini akatetemeka, nami nilikuwa kama yeye.

Usiku ule nilikwenda Hindawiya kumweleza baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Kana ilikuwa wapi?" Nikamjibu, "Chini ya makreti ya maji." Akanitazama, akanyamaza. Mpaka alipofariki mwaka 1994 hakuurejea mkasa ule, lakini kila nilipopita nyuma ya ule mlango niliuona.

Tangu hapo, kwa miaka yote niliyofanya kazi, sikukitoa chombo kabla ya kufungua sakafu, kuzipitisha waya katika kitambaa ili nisikie uzi uliokatika, na kuiweka kana ya akiba mahali mkono unapofika gizani. Kila kijana niliyemfundisha, siku ya kwanza nilimnyima gurudumu, nikampa kana. Mpwa wangu leo ni baba wa watoto wanne, nao pia amewaanzisha kwa kana.

Sasa tumetawanyika, kila jamaa na mtaa wake, na hatuonani kama zamani. Ile kana imesimama nyuma ya mlango wangu mpya, wala si marufuku tena kuishika. Sikukuu waleteni watoto. Yupo jamaa mwenye mashua ndogo huko Obhur. Nitakwenda nao, nao wataisukuma kana kulia waone omo inakwenda wapi.