Mlima Mmoja, Nchi Nyingi

Askari aliyepata kufanya doria katika milima ya Rwenzori hana haja ya kufundishwa kwamba kuupanda mlima ule ni kama kuhama nchi. Huondoka Kasese amevaa shati moja, jasho likimtiririka. Na baada ya siku chache za kupanda, koti zito halimtoshi, na alfajiri huyakuta maji yameganda katika chupa yake. Hakuvuka mpaka wowote, na ikweta ingali karibu naye vile vile. Basi ni nini kilichobadilika? Swali hilo ndilo mlango wa elimu iitwayo ekolojia, yaani elimu ya viumbe na mahali wanapoishi, na jinsi kila kimoja kinavyomtegemea mwenzake.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Mlinzi wa zamu akiandika katika daftari lake kwamba mvua kubwa ilinyesha saa tisa usiku, huyo ameandika hali ya hewa. Tabia ya nchi ni jambo jingine. Hiyo ni wastani wa madaftari mengi, na wataalamu wamezoea kuipima kwa kipindi cha miaka 30. Tabia ya nchi, hasa joto na mvua, ndiyo inayoamua ni mimea gani itaota mahali na ni wanyama gani watakaoishi hapo. Eneo kubwa lenye tabia moja ya nchi na aina moja ya uoto huitwa bayomu: jangwa ni bayomu, mbuga ya nyasi ni bayomu, msitu wa mvua nao ni bayomu. Askari aliyehamishwa kutoka Moroto, kwenye miiba na kiangazi kirefu, akapelekwa Bundibugyo, ukingoni mwa msitu wa Semliki ambao ni mkono wa msitu mkubwa wa Kongo, amezijua bayomu mbili kwa ngozi yake mwenyewe.

Rwenzori ni jambo la ajabu kwa sababu umezipanga nchi hizo kwa ngazi. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kasese ipo karibu na mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Margherita kipo mita 5,109. Hesabu hiyo hutoa tofauti ya nyuzi 24 au zaidi kidogo.

Chini kabisa ni mbuga ya nyasi na migunga, makao ya swala, nyati na ndovu. Tukiwa hapo hatuwezi kupita bila kutaja jambo moja chungu. Katika miaka ya 1960 mbuga ya Queen Elizabeth ilikuwa na ndovu kwa maelfu. Ilipofika 1980 walibaki mia moja na hamsini hivi tu, na risasi nyingi zilizowamaliza zilitoka katika bunduki za watu waliovaa sare. Ndovu huvunja miti na kuila. Walipotoweka, vichaka vikasonga mbele juu ya nyasi. Ondoa mnyama mmoja, na sura ya ardhi yenyewe hubadilika.

Juu ya mbuga na mashamba ya Bakonzo huanza msitu wa mlimani, kisha mianzi, na kupita mita 3,000 huanza ukanda wa erika. Huu ndio tunaotaka kuutazama kwa makini. Erika ni jamii ya mimea ambayo mahali pengine ni vichaka vifupi tu, lakini hapa huwa miti kamili, iliyovikwa kuvumwani tangu shina hata matawi. Chini yake kuna vinamasi ambamo mguu huzama hadi gotini. Wapandaji huvilaani vinamasi hivyo, nasi hatuwalaumu; lakini kazi yake ni kubwa kupita kazi ya bwawa lolote lililojengwa kwa saruji. Mvua ikinyesha, kuvumwani na matope huinywa kama sifongo, kisha huiachilia polepole kwenda mitoni. Ndiyo sababu mito ya Rwenzori hutiririka hata wakati wa kiangazi.

Mwaka 2012, wakati wa ukavu, moto uliwaka huko juu, katika vyanzo vya mto Nyamwamba. Erika ina mafuta, na ikikauka hushika moto upesi. Sifongo ikaungua. Mei 1, 2013, baada ya mvua nyingi, Nyamwamba ulishuka na majabali na magogo, ukavunja madaraja, ukaingia Kilembe hadi hospitalini, ukafika Kasese. Watu walikufa, na maelfu wakakosa makao. Hatusemi kwamba moto peke yake ulileta maafa hayo; mvua ilikuwa kubwa, na magenge ya mlima ule ni makali mno. Lakini wachunguzi waliouchambua mkasa ule waliutaja moto miongoni mwa sababu. Mei 2020 mafuriko yalirudi katika bonde lile lile, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa tena.

Juu zaidi kuna lobelia na senesio, mimea mirefu kuliko mtu, ambayo baadhi yake hukunja majani usiku ili kulinda kichipukizi na baridi. Kisha mawe, na barafu. Msafara wa Mtawala wa Abruzzi ulipopanda mwaka 1906, barafu ilifunika kilomita za mraba 6 na nusu hivi; mwaka 2003 haikutimia hata kilomita moja. Hiyo si hali ya hewa ya mwaka mmoja. Hiyo ni tabia ya nchi inayogeuka.

Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho kipindi cha hatari kwa erika. Askari wa kituo chochote cha bondeni aonapo moshi juu ya mstari wa mianzi, na awaarifu walinzi wa hifadhi siku ile ile asubuhi, kabla upepo wa mchana haujapanda. Nyasi za mbugani zikiungua huchipua na mvua ya kwanza. Erika iliyoteketea huchukua miaka mingi kurudi, na muda wote huo mvua hushuka bila kizuizi.