Gesi ya AC Haiishi Kama Petroli

Swali ni lilelile, liulizwe Geita mjini, Katoro au mwaloni Nkome: "Fundi, AC yangu siku hizi inakula umeme, niongeze gesi?" Huuliza mwenye gesti, huuliza mfanyabiashara wa dagaa aliyehamia nyumba mpya, huuliza hata waliosoma fizikia wakafaulu. Wengine hawaulizi tena, wananitaarifu tu: "Mimi yangu naiongeza kila mwaka." Halafu wanangoja niwasifu.

Leo tulimalize. Petroli ya injini ya mtumbwi huungua, na safari ya visiwani kwenda na kurudi huimaliza. Gesi ya AC haiungui. Inazunguka ndani ya bomba za shaba zilizofungwa pande zote, inabeba joto la chumbani, inalimwaga nje, inarudi kubeba jingine. Kiasi kilichowekwa kiwandani, ambacho kwa mashine ya nyumbani ya BTU 12,000 ni kilo moja hivi au pungufu, ndicho kinachotakiwa kuwemo mpaka siku unayoitupa mashine. Ratiba ya kuongeza haipo. Kama gesi imepungua, pana tundu, na ukijaza bila kuziba umenunua gesi ya kuipa hewa ya ziwani.

"Mbona fundi akiongeza, ubaridi unarudi?" Unarudi, sikatai. Lakini kumbuka alichofanya siku ile. Alichomoa chujio lililoziba vumbi, akaliosha. Akapuliza maji kwenye kisanduku cha nje. Mwisho akaunganisha mtungi, akafungua koki, akakwambia bei. Wewe ulitazama mtungi na mtungi ndio ulioulipia, kwa hiyo sifa zote ukaupa mtungi. Kazi ilifanywa na maji.

Na huku kwetu maji yana kazi nyingi. Barabara za vumbi ziko kila upande, na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopaa makundi kwa makundi na kufuata taa usiku, hunaswa kwenye mapezi ya aluminiamu ya kisanduku cha nje, wakakaukia humo na vumbi likawashika. Ukitazama kwa mbele kisanduku kinang'aa. Chungulia kwa nyuma. Joto likikosa njia ya kutokea, kompresa inasukuma gesi kwa shinikizo kubwa zaidi, inavuta umeme mwingi zaidi, na chumba hakipoi. Mteja anaona LUKU inakimbia, anakimbilia gesi.

Kuna jambo baya zaidi, ambalo hata mafundi wengi wanalikosea. Chujio la ndani likiziba, hewa ya chumbani haipiti vizuri kwenye koili, gesi haipati joto la kutosha, na shinikizo la upande wa chini hushuka. Geji itasoma chini. Fundi anayejua geji tu atatangaza, "Gesi imepungua," na ataongeza. Mwezi ujao mtu anaosha chujio, hewa inapita sawasawa, na sasa mashine ina gesi kupita kiasi. Gesi ikizidi, shinikizo la upande wa juu hupanda, umeme unaoliwa hupanda nalo, na gesi ikiwa bado kimiminika inaweza kurudi kwenye kompresa. Kompresa imeundwa kusukuma mvuke. Ikimeza kimiminika, valvu zake huvunjika, nawe unaambiwa umeme wa TANESCO ndio uliounguza. Wakati mwingine ni kweli, maana umeme mdogo nao huua kompresa. Lakini si mara zote.

Kuhusu kuchanganya nitasema kwa ufupi kwa sababu hasira zinanipanda. R22, R410A na R32 si majina matatu ya kitu kimoja. R410A hufanya kazi kwa shinikizo linalozidi la R22 kwa zaidi ya nusu. R32 inaweza kushika moto. Kila mashine ina kibandiko kinachotaja gesi yake na uzito wake kwa gramu. Anayejaza "iliyopo" anaharibu mali yako. Anayejaza gesi ya kupikia kwenye mashine isiyoundwa kwa ajili hiyo anaweka bomu juu ya kitanda chako. Na gesi inayovuja haipotei bure: R22 hula tabaka la ozoni, ndiyo maana Mkataba wa Montreal wa 1987 unaiondoa sokoni, na hizi nyingine hupasha dunia joto, ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana hapo jirani, Kigali, yakakubaliana kuzipunguza.

Kama kweli inavuja, dalili zipo: barafu kwenye bomba wakati chujio ni safi, na alama za mafuta penye maungio, kwa sababu gesi hutoka na mafuta ya kompresa. Hapo tundu litafutwe kwa naitrojeni na povu la sabuni, lizibwe, hewa yote itolewe kwa pampu ya vakyumu, kisha gesi ipimwe kwa mizani kwa gramu za kwenye kibandiko. Hewa haifukuzwi kwa kupuliza gesi kidogo.

Sasa hesabu. AC ya kawaida ya BTU 12,000 huvuta kilowati moja hivi kompresa ikiwa kazini. Ikifanya kazi kwa muda wa saa nane kila siku, ni yuniti 240 kwa mwezi. Zile yuniti 75 za shilingi 100 za D1, kundi la watumiaji wadogo, hazimalizi siku ya kumi. Kwa bei ya T1, kundi la watumiaji wa kawaida, shilingi 292 kwa yuniti, ni zaidi ya 70,000 kabla ya kodi na tozo. Feni ya darini huvuta wati 75 tu.

Tena hatuko Dar es Salaam. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Usiku joto la nje hushuka hadi nyuzi 18 hivi. Kinachokutesa saa tatu usiku ni bati na ukuta vilivyopigwa jua mchana kutwa. Bati jeusi la msauzi ni zuri kwa picha, lakini juani huzidi nyuzi 60, na kama chini yake hakuna dari, AC yako inapambana na paa. Umenunua mashine kupoza bati.

Kwa hiyo, upesi upesi: piga dari kwanza, acha matundu ya hewa juu yake, ukiezeka upya chagua bati la rangi nyepesi, ziba nyufa za milango na madirisha ya aluminiamu, kisanduku cha nje kikae kivulini penye nafasi, mbali na taa, chujio lioshwe kila wiki mbili kiangazi, weka nyuzi 25 au 26 pamoja na feni, na uache 16, kwani haipozi haraka zaidi, inachelewa tu kupumzika, ukinunua mpya, nunua ya inveta inayolingana na chumba, umeme ukiwa mdogo weka kilinzi, na usiku wa manane zima, fungua dirisha lenye wavu.

Na fundi akikutajia gesi kabla hajafungua chujio, mlipe nauli yake aende.