Mizani ya Moyo wa Meneja

Mchuma chai hupimwa kilo zake kila siku mbele ya karani. Mshonaji kiwandani huhesabiwa vipande. Meneja naye hupimwa kwa mizani gani?

Katika nchi zenye viwanda vingi kuna mizani ya kupima moyo wake: kama ni thabiti, au huvunjika mambo yakiwa magumu. Ndugu wafanyakazi, inafaa tuielewe, maana matokeo yake hutushukia sisi.

Kazi hii ina mizizi Marekani. Mwaka 1979 Suzanne Kobasa, mtaalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia ya mtu, alitangaza uchunguzi wake juu ya mameneja. Aliwalinganisha 86 waliopata misukosuko mingi bila kuugua, na 75 waliopata misukosuko kama hiyo wakaugua. Wale wasiougua walikuwa na mambo matatu: walijitoa kwa shughuli zao, waliamini kwamba wana uwezo juu ya yanayowapata, na mabadiliko waliyaona kuwa nafasi ya kujifunza, si mkosi.

Mwaka 2002 huko Uingereza, Peter Clough na wenzake waliongeza jambo la nne, kujiamini. Wakatunga orodha ya sentensi 48. Mtu husoma kila sentensi, kisha huchagua jibu moja kati ya matano, kutoka kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Alama hujumlishwa. Kazi yao ilihusu wanamichezo, lakini orodha hiyo ikaingia maofisini pia.

Faida ipo. Msimamizi anayetetemeka akiitwa na mkubwa wake hurudi na kumalizia hofu yake kwa wafanyakazi. Mwenye utulivu husikiliza kwanza. Lakini mizani hii ina kasoro mbili.

Kwanza, anayejipima ni mwenyewe, na nyani haoni kundule. Orodha humwuliza meneja ajionavyo. Haiwaulizi walio chini yake. Mtu aweza kupata alama nyingi za kujiamini na bado akawa mtukanaji. Moyo thabiti si moyo mgumu.

Pili, na hili ndilo kubwa, uwezo juu ya mambo hautoki moyoni peke yake. Hutoka kwenye cheo pia. Mwaka ule ule wa 1979, Robert Karasek alichunguza habari za wafanyakazi wa Marekani na Sweden. Alionyesha kwamba wanaosumbuka zaidi ni wale walioelemewa na kazi huku hawana sauti juu ya namna ya kuifanya. Mjini London ulianza mwaka 1985 uchunguzi wa watumishi wa serikali 10,308. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba wenye uwezo mdogo wa kuamua mambo kazini walipatwa zaidi na maradhi ya moyo.

Tuyatazame haya kwetu. Meneja hujiamulia saa ya kunywa chai. Mtu wa mashine huomba ruhusa hata ya kwenda chooni. Wote wawili wakipewa karatasi inayouliza kama wana uwezo juu ya mambo yao, nani atapata alama nyingi? Basi mfanyakazi akipata alama chache, tusikubali aambiwe ana moyo dhaifu. Huenda karatasi imepima cheo chake, si moyo wake.

Karatasi za namna hii zikifika kazini kwenu, kamati ya tawi iulize: Majibu yatatumika kwa nini? Nani atayasoma? Je, wasimamizi watapimwa pia na wale wanaowasimamia? Na kazi yenyewe itapimwa lini: mwendo wa mashine, muda wa kupumzika, idadi ya watu katika zamu ya usiku?

Mwajiri atoe majibu mezani kabla mtu yeyote hajatia alama.