Khatibu, Mhutubu na Mlumbi: Majina ya Wasemao Hadharani

Mtopanga ni kata ya Kisauni, upande wa bara, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Humo Waswahili na Wamijikenda hukutana msikitini, katika baraza la chifu na katika mikutano ya siasa. Kila mahali hapo husimama mtu akasema mbele ya kaumu, wala mtu huyo hana jina moja. Makala haya yanachunguza majina manne anayopewa, na kuonyesha kwamba kila jina lina kipimo chake.

Khatibu hupimwa kwa mahali. Ndiye asomaye khutba juu ya mimbari siku ya Ijumaa. Neno hili limepokewa kutoka Kiarabu likiwa nomino kamili, na wingi wake ni makhatibu. Mzizi huohuo umeleta pia hotuba na kitenzi hutubu, ambacho kimezaa mhutubu. Khutba imebaki msikitini. Hotuba imetoka ikaenda uwanjani.

Mhutubu hupimwa kwa tendo. Yeyote atoaye hotuba ni mhutubu, awe waziri au mwanafunzi, awe amesema vyema au vibaya.

Msemaji, kwa kiambishi chake -aji, ni mtu aliyezoea kusema. Hata hivyo, matumizi ya leo yamelipa neno hili kipimo cha uwakilishi: msemaji wa serikali, au wa familia iliyofiwa, husema la waliomtuma.

Mlumbi hupimwa kwa ustadi. Kulumba ni kusema kwa ufasaha na mpango, na jina hili mtu hapewi na cheo chake. Hupewa na waliomsikiliza. Lakini kitenzi hicho kimezaa pia malumbano, neno lililotumika kwa washairi wajibizanao kwa beti, na ambalo magazeti sasa hulitumia kwa ugomvi wa wanasiasa. Mfano wa karibu ni gomba. Katika Kigiriama na Kidigo, kugomba ni kusema. Katika Kiswahili ni kuteta, na humo ametoka mgombea wa kiti. Hivyo maneno haya mawili ya Kibantu yameegemea upande wa mashindano, na heshima ya jukwaa imechukuliwa na mzizi wa Kiarabu.

Jambo hili si dogo. Kiswahili kiliruhusiwa katika Bunge la Kenya mwaka 1974, na Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hotuba zinazowahusu wananchi wengi husemwa kwa lugha hii. Kamusi au kitabu cha shule kikifasili majina yote manne kuwa "mtu atoaye hotuba", mwanafunzi atadhani kwamba kusimama jukwaani na kusema vyema ni jambo moja. Yafaa mlumbi afasiliwe kwa ustadi wake, na ulumbi ufundishwe kuwa jina la sanaa hiyo. Kaumu isiyoweza kumtenga mlumbi na mhutubu imepungukiwa na neno la kumhukumu anayeiomba kura.