Jinsi Kompyuta Inavyojiandikia Orodha ya Viungo

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mmisionari Mjerumani Adolf Stolz alikusanya mimea mingi huko Kyimbila, karibu na Tukuyu. Sampuli zake alizipa namba, na nakala zikagawanywa katika hifadhi mbalimbali za mimea. Hifadhi ya Berlin ilipoungua mwaka 1943, sampuli nyingi ziliteketea. Hata hivyo, nakala zilizokuwa kwingineko ziliendelea kutambulika kwa namba zile zile. Kanuni hiyo ya kila kitu na jina lake ndiyo inayoiwezesha kompyuta kutengeneza orodha yenyewe.

Chukulia kwamba wanafunzi wa sekondari wilayani Rungwe wamepiga picha 120 za mimea ya Mlima Rungwe na kuzihifadhi katika folda moja. Ili msomaji azifikie kutoka ukurasa wa tovuti, kila picha yahitaji kiungo, yaani maandishi yanayobeba anwani ya faili. Kuviandika viungo vyote kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Tena, faili likifutwa au likibadilishwa jina, kiungo chake hubaki kikielekeza mahali pasipo kitu.

Programu fupi huifanya kazi hiyo kwa hatua nne. Kwanza, husoma majina ya mafaili yote yaliyomo katika folda. Pili, huyachuja na kubakiza yale yenye mwisho unaotakiwa, kwa mfano .jpg. Tatu, huyapanga. Nne, hulichukua kila jina na kulipachika mara mbili: kwanza kama anwani, kisha kama maneno yatakayosomwa:

<a href="picha/002.jpg">002</a>

Folda ikibadilika, programu huendeshwa tena, na orodha mpya hushika nafasi ya ile ya zamani.

Yapo mambo ya kuangaliwa. Kwa kawaida programu hulinganisha majina herufi kwa herufi. Hivyo 10 hutangulia 2. Dawa yake ni kuandika 002 na 010. Nafasi tupu katika jina huweza kuharibu anwani, afadhali kistari. Kadhalika, kompyuta nyingi zinazohudumia tovuti hutofautisha herufi kubwa na ndogo.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba programu hiyo haiioni picha, bali jina tu. Picha ya mgomba ikipewa namba ya mchai, kiungo kitafanya kazi barabara, lakini msomaji atapotoshwa. Kwa hiyo kila namba na iandikwe pia katika daftari siku ile ile, pamoja na jina la mmea, mahali na tarehe.