UA LA CHUMA HUANZA NCHANI

Mtu atembeaye kando ya Ziwa Kivu mjini Gisenyi, makao ya wilaya ya Rubavu, hupita mbele ya nyumba kubwa za tangu enzi za ukoloni zilizoelekea majini, na akipanda kuingia mitaani hukutana na nyumba mpya za mawe meusi ya volkano, matofali na saruji. Zote, za zamani na za juzi, zina jambo moja linalofanana na nyumba za miji mingi ya Afrika Mashariki: malango na madirisha yake yamepambwa kwa vyuma vilivyokunjwa mithili ya konokono, au kama herufi S, au kama mche wa boga unaotafuta pa kushika. Mafundi wengi huviita maua.

Watu wengi huyapita maua hayo bila kuyatazama. Hata mwenye kujenga, aliyejinyima miaka mingi ili apate nyumba yake, humwambia fundi maneno machache tu: "Niwekee lango la maua." Kisha hulipa, na baada ya misimu miwili ya mvua hushangaa kuona ua limeachia kwenye kiungo, au kutu imelitafuna. Ni vema basi mwenye nyumba ajue ua la chuma hutengenezwaje, kwa maana asiyejua kazi hawezi kumdai fundi kazi njema, wala kumlipa fundi mwema haki yake.

KAZI YA TANGU KALE

Ufuaji wa chuma si jambo la kuazima katika nchi za Maziwa Makuu. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua katika Rwanda, Burundi na Buhaya mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Katika Kinyarwanda mhunzi huitwa umucuzi, na mahali pake pa kazi huitwa uruganda. Neno hilo hilo leo ndilo linalotumika kwa kiwanda chochote kikubwa chenye mitambo. Kwa hiyo, kila anayetaja kiwanda kwa lugha hiyo huwa anamtaja mhunzi bila kukusudia.

Heshima ya mhunzi ilifika hadi ikulu. Mwaka 1969 mtaalamu wa Ubelgiji, Francis Van Noten, alipolifukua kaburi la Mwami Cyirima Rujugira, aliyetawala Rwanda katika karne ya 18, vifaa vya uhunzi vya chuma vilikutwa pamoja na mabaki yake. Huko Karagwe, ambayo sasa imo katika Tanzania, Mtemi Ndagara anakumbukwa kuwa alikuwa mtawala na mhunzi pamoja, na miongoni mwa hazina za ukoo huo walikuwamo ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe zilizopindwa kwa ustadi. Jembe na mkuki vilikuwa riziki na ulinzi, lakini pembe ile ilipindwa kwa ajili ya macho na heshima. Tangu zamani, basi, mhunzi wa nchi hizi alijua kukunja chuma kwa urembo.

Umbo la ua tunaloliona malangoni leo lilikuja kwa njia nyingine. Lilikuzwa sana katika Ulaya, ambako wahunzi kama Jean Lamour wa mji wa Nancy, Ufaransa, walijenga katika miaka ya 1750 malango makubwa ambayo mpaka leo watu husafiri kwenda kuyaona. Wakoloni walipojenga nyumba zao walileta na maumbo hayo, nayo yakabaki mikononi mwa mafundi wenyeji.

NCHA KWANZA

Vifaa vya kazi hii ni vichache: moto wa makaa wenye kupulizwa kwa mivukuto au feni, fuawe, nyundo, koleo, jiliwa la kubania, na ndoo ya maji. Chuma chenyewe huwa ni bapa, mathalani lenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 5, au nondo ya pembe nne.

Mtu asiyejua hudhani kwamba kazi ya ua ni kukunja. Kwa kweli kukunja ni kazi ya pili. Kazi ya kwanza ni ncha. Fundi hukipasha chuma moto mwishoni, hukilaza juu ya fuawe, na kukigonga huku akikigeuzageuza ili ncha irefuke na kupungua unene kidogo kidogo, kama mkia wa mjusi. Wengine huipanua ncha ikawa kama mkia wa samaki, na wengine huiacha na kifundo mwishoni. Kila mtindo una uzuri wake, lakini sharti lao ni moja: ncha ikamilike chuma kingali kimenyooka. Ikishakunjwa na kuingia ndani ya konokono, nyundo haiwezi tena kuifikia.

Baada ya hapo fundi huisogeza ncha ipite ukingo wa fuawe kwa upana wa kidole, huigonga ikainama, huisogeza tena na kuigonga tena. Kisha hukigeuza chuma juu chini na kukigonga kwa upole kikirudi kuelekea kwake, hata jicho la ua lionekane. Kipande hicho cha mwanzo, kisichozidi urefu wa kidole, ndicho kinachoamua sura ya ua zima. Kikiwa na kona au ubapa, mkunjo wote utakaofuata utachechemea. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mhunzi naye hukikunja chuma kingali moto, na kosa la mwanzoni hulisahihisha hapo hapo au huanza upya.

KAMBA NA KIOLEZO

Lango moja huweza kuhitaji maua ishirini au arobaini, na yote hayana budi kufanana. Kwa sababu hiyo fundi makini haanzi na moto, bali huanza na chaki. Huchora ua kwa ukubwa wake kamili juu ya bati au sakafu, kisha hulaza kamba juu ya mchoro, akiifuata kila zamu ya mkunjo. Kamba hiyo ikinyooshwa, urefu wake ndio urefu wa chuma kinachotakiwa. Lakini kwa kuwa ncha ikifuliwa hurefuka, yeye hukata kipande kimoja tu kwanza, hukifua na kukikunja, hukipima juu ya mchoro, na akiisha kuona kimezidi au kimepungua kiasi gani ndipo huvikata vilivyobaki. Mwenye haraka hukata arobaini kwa mkupuo, na hasara yake huwa arobaini pia.

Kwa ajili ya kufananisha, hutengenezwa kiolezo: chuma kinene kilichokunjwa umbo la ua lenyewe na kubanwa kwenye jiliwa. Kipande chenye moto, kilichokwisha kufuliwa ncha na jicho, hutiwa jichoni mwa kiolezo na kuvutwa kukizunguka kwa mkono usiositasita. Kikitoka hapo hulinganishwa na mchoro, na palipokosea hurekebishwa kwa uma wa kukunjia.

Rangi ya moto ndiyo saa ya fundi. Chuma chekundu kama nyanya iliyoiva kimefika karibu nyuzi 800. Kikiwa rangi ya chungwa kimepita 900, nacho hukunjika kwa utii. Kikiwa njano kimefika karibu 1,100, nacho ni chepesi kufuliwa. Kikiwa cheupe na kutoa cheche kama fataki, kinaungua, na kipande hicho ni cha kukatwa na kutupwa. Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni chuma kilichokwisha kuwa cheusi. Hakionyeshi moto wowote, lakini bado chaweza kuichuna ngozi ya mkono. Ndiyo sababu watoto hawaachwi kuchezea vipande vilivyolala chini karakanani.

Tahadhari nyingine ni juu ya mabomba na mabati yaliyopakwa zinki. Yakitiwa motoni au kuchomelewa hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta huweza kushikwa na homa, baridi na kutetemeka saa chache baadaye, akadhani ana malaria. Vyuma hivyo havifai kwa mkaa wa mhunzi.

UA LA MOTO NA UA LA BARIDI

Siku hizi katika masoko ya mafundi, likiwamo lile la Rubavu la aina iitwayo agakiriro, mashine ya kuchomelea kwa umeme imechukua nafasi ya kazi nyingi za makaa. Si jambo baya. Lango huisha upesi na bei yake hushuka. Maua mengi sasa hukunjwa baridi kwa kifaa cha mkono, bila moto kabisa, kisha huchomelewa mahali pake.

Ua la baridi si bovu. Kwa uzio wa bustani au kibanda cha kuku linatosha. Ubaya ni kuuziwa ua la baridi kwa bei ya ua la moto. Hivyo mnunuzi atazame ncha. Ua la baridi ncha yake ni butu, imeachwa kama ilivyokatwa, na mara nyingi kipande cha mwanzo kimenyooka kwa sababu hapo ndipo kifaa kilipokibana. Unene wake ni ule ule tangu mwanzo hata mwisho. Ua la moto ncha yake imepungua taratibu, na ukipitisha kidole ndani ya mkunjo hakikwami kwenye kona yoyote. Nafasi kati ya zamu na zamu huongezeka polepole kadiri mkunjo unavyotoka nje.

Kisha mnunuzi atazame viungo. Zamani vyuma viwili viliunganishwa kwa ribiti au kwa pete ya chuma iliyovishwa ikiwa moto. Ilipopoa ilinywea na kuvikaza. Leo viungo vingi ni vya kuchomelewa. Kiungo chema kimejaa pande zote na kimesafishwa. Kibaya ni tone moja lililobandikwa mbele na kufichwa kwa rangi. Aombe kuliona lango kabla halijapakwa rangi, maana rangi husitiri makosa mengi.

Rangi nayo ina utaratibu. Maganda meusi ya moto huondolewa kwa brashi ya waya, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, hasa mle ndani ya jicho na nyuma ya pete ambamo maji hutuama, kisha ndipo rangi ya mwisho. Katika mji wenye mvua nyingi kama Gisenyi, mwenye nyumba na akague vyuma vyake kila mwaka. Brashi na kopo dogo la rangi ni rahisi kuliko lango jipya.

DIRISHA LISIWE GEREZA

Liko jambo moja kubwa kuliko urembo. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka ng'ambo ya mpaka, karibu na Goma. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara kwa mara, na katika Gisenyi nyumba nyingi zilipasuka kuta. Mtetemeko huweza kupinda fremu ya mlango hata usifunguke. Moto wa jikoni nao huweza kuziba njia ya mlango wakati wowote, katika mji wowote, ikiwa ni nyumba ya raia au ya askari kambini. Saa hiyo dirisha lenye vyuma vilivyojengewa ukutani pande zote ni gereza.

Kwa hiyo familia inayoagiza vyuma vya madirisha imwambie fundi kwamba katika kila chumba cha kulala dirisha moja liwe na vyuma vyenye bawaba, vinavyofunguka kwa ndani. Ufunguo wake utundikwe mahali pamoja, karibu na dirisha lakini pasipofikiwa na mkono wa mwizi aliye nje, na kila mtu wa nyumbani, hata mtoto mkubwa, apajue na ajaribu kulifungua gizani. Nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto mdogo kisije kikapenya na kunasa. Na ncha za maua zilizo chini, kwenye kimo cha uso wa mtoto, zikunjwe ndani wala zisielekee nje.

Fundi hodari hatachukizwa na masharti hayo. Kinyume chake, atafurahi kumpata mteja anayejua kutofautisha. Mteja asiyetazama ncha humfundisha fundi kutoifua, na kijana anayejifunza katika karakana hiyo atakua akijua kubandika tu. Mteja anayeitazama humlazimisha fundi awashe makaa, na kijana hujifunza kusoma rangi ya moto kama walivyojifunza waliomtangulia.

Anayekwenda kuagiza lango na achukue kamba, chaki na subira. Aombe aonyeshwe ua moja lililokwisha, alishike mkononi, apitishe kidole tangu jichoni hata mkiani. Kisha ndipo azungumze bei.